Onja Kwao Kabla ya Posa: Wikiendi ya Misosi Kilosa na Mikumi

Tuseme ukweli, wapenzi wengi wa mjini tunajuana kwa chipsi kuku. Mnaonana Ijumaa jioni, mnakaa kwenye viti vya plastiki, mnaagiza kilekile mlichoagiza wiki iliyopita, simu mezani, mpira kwenye runinga. Miezi inakatika, mnaanza kuzungumzia posa na idadi ya kadi za mchango, na bado hujui mwenzako alilelewa kwa mboga gani. Halafu siku ya kwanza ukweni unawekewa ugali na mlenda. Unaangalia bakuli, unamwangalia mwenzako, na mama mkwe anakuangalia wewe. Hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Mwezi huu basi tunakushauri uende kuonja mapema, kabla ya mjomba na shangazi hawajakaa kikao. Na kama hujui pa kuanzia, sisi tumekuchagulia Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Ni karibu na Dar kiasi cha kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili, na ni sehemu ambayo mapishi ya makabila mengi yamekutana kwenye wilaya moja.

Ukisikia tamasha la vyakula, pengine akili inakwenda kwenye jukwaa, bendi, tiketi getini na foleni ya kuegesha gari. Kilosa tamasha halihitaji hayo. Linaitwa gulio, lina siku yake kwenye kila kijiji, na kiingilio chake ni tumbo lenye nafasi.

Kwa nini Kilosa?

Wenyeji wa wilaya hii ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Lakini ukikaa mgahawani nusu saa utasikia lafudhi za nchi nzima, na sababu zipo. Katika karne ya 19 bonde la mto Mkondoa lilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Wakaja Wajerumani na reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ikapita Kilosa. Yakafunguliwa mashamba ya mkonge, Kimamba na Rudewa, na mkonge ulihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo. Wafanyakazi wakaletwa kutoka mbali, wale walioitwa manamba. Wengi hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakazaa hapa, wakalima hapa. Baadaye, upande wa kusini, miwa na kiwanda cha sukari cha Kilombero vikavuta watu wengine tena.

Sasa kila aliyekuja alikuja na chungu chake. Ndiyo maana kwenye mji mdogo kama Kilosa hushangai kukuta pilau ya kipwani, ugali na mlenda wa bara, ndizi za milimani na maziwa mgando ya mfugaji, vyote ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Watu wa huku walianza ndoa za mseto zamani sana, kabla sisi wa magazetini hatujaanza kuzijadili.

Kufika si kazi tena

Njia ni tatu, chagueni inayowafaa. Ya kwanza ni reli. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikaongezwa hadi Dodoma mwezi Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo. Kilosa ina stesheni kwenye njia hiyo. Ila angalia tiketi vizuri kabla hujalipa, maana si kila treni inasimama vituo vyote. Utapelekwa Dodoma huku unaiona Kilosa dirishani, na mapenzi yatapata mtihani wa bure.

Ya pili ni barabara ya Dodoma. Unapinda kushoto Dumila, unapita Msowero na Rudewa, unaingia Kilosa mjini baada ya kilomita zisizozidi 70. Dumila penyewe ni sababu ya kusimama: nyanya, vitunguu, mahindi ya kuchoma na watu wenye haraka ya kukuuzia.

Ya tatu ni kuanzia Mikumi, kwenye barabara kuu ya Mbeya, halafu kukata ndani kwenda Kilosa. Njiani utapita Ulaya. Ndiyo, Ulaya, wala hujasoma vibaya. Ni kata ya wilaya ya Kilosa, na unafika bila viza wala mahojiano ya ubalozi. Mpige picha mwenzako mbele ya kibao, mtume nyumbani, mcheke. Kama ni msimu wa mvua, uliza kwanza hali ya barabara hiyo.

Gulioni: kula kwa macho kwanza

Kanuni ya kwanza ya kuonja ni kutonunua chochote kwa robo saa ya mwanzo. Zungukeni. Angalieni mama lishe yupi ana foleni ya watu wa palepale, maana mwenyeji hapangi foleni mahali pabaya. Halafu nunueni sahani moja moja na kula wawili. Sahani nzima kila mtu ni shibe, na ukishiba huwezi kuonja tena.

Anzeni na mlenda, kwa sababu ndio wenye kesi nyingi. Mlenda ni mboga ya kuteleza, inayopikwa kwa majani ya porini au ya shambani, mara nyingi pamoja na bamia, na wengi huweka magadi kidogo ili majani yalainike haraka. Wengine humalizia kwa karanga zilizotwangwa, na hapo ndipo patamu. Asiyeuzoea huushika kama anavyoshika kisamvu, ukamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Siri ni tonge: dogo, la mviringo, limebonyezwa katikati kwa dole gumba, unachota kisha unazungusha mkono kidogo kuukata ule uzi. Mwombe mwenzako akufundishe. Ukimwona mtu mzima anafundishwa kula na mpenzi wake bila kununa, ujue hiyo ndoa ina mwelekeo.

Kisha wali. Mchele wa bonde hili mkautafute baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, ukiwa bado mpya. Mchele mpya hunywa maji machache na hunukia kabla sufuria haijafunuliwa. Uleni na mbaazi au kunde zilizopikwa kwa nazi, na mkipata majani ya maboga ya karanga pembeni, basi nyama mnaweza kuisahau kwa siku moja.

Kinywaji ni togwa. Hii si pombe, kwa hiyo dereva asiwe na wasiwasi. Unapikwa uji wa unga wa mahindi, unaachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha unatiwa kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, mara nyingi ulezi. Kinachofuata ni kama mazingaombwe: uji mzito unakuwa mwepesi na kuanza kuwa mtamu bila kijiko cha sukari. Kumbe nafaka inapoota huwa na vimeng'enya vinavyoikata wanga kuwa sukari. Ukikaa usiku kucha unapata uchachu kidogo, na hapo ndipo wenyewe wanaupenda. Ukizidisha siku unaanza kuwa kitu kingine, na mambo hayo tusiyaanzishe.

Ilonga: mbegu ya kwenye sahani yako

Wengi hupita Ilonga bila kujua wanapita wapi. Ni kilomita chache kabla ya kuingia Kilosa mjini ukitokea Rudewa. Hapo kipo kituo cha utafiti wa kilimo, sasa chini ya taasisi ya TARI, na kwa miongo mingi kimekuwa kikitoa mbegu za mahindi, mtama, kunde, choroko na alizeti. Aina ya mahindi ya Ilonga Composite White ilibeba jina la kituo hiki hadi mashambani. Na kwenye kunde kuna zinazoitwa Tumaini na zinazoitwa Fahari. Sasa niambie, nani kasema watafiti hawana mahaba?

Nalisema hili kwa sababu sisi wa mjini tunadhani chakula cha asili ni kitu kilichokaa vilevile tangu enzi za mababu. Si kweli. Mahindi yenyewe asili yake ni Amerika, mkonge uliojaza watu huku ulitokea Meksiko, na kunde unayokula leo kwa bibi pengine ilichaguliwa na mtaalamu aliyevaa koti jeupe. Bibi aliionja, akaipenda, akaiita yake. Na wewe ukiolewa mbali, au ukioa mbali, ndivyo utakavyofanya.

Nyama, maziwa na mambo ambayo hayasemwi mezani

Wilaya hii ina wafugaji pia. Wapo Wamasai na Wabarabaig, na vipo vijiji vya wafugaji kama Twatwatwa na Parakuyo. Siku ya mnada utakula nyama choma yenye chumvi na pilipili tu, imekatwa kwenye ubao mbele yako, na hakuna anayekuuliza kama unataka sosi. Maziwa mgando kwenye kibuyu yana harufu ya moshi kidogo kwa sababu kibuyu husafishwa kwa moshi wa kijinga. Usikunje pua. Hiyo harufu ndiyo kiungo chenyewe.

Lakini kabla hujasema huku raha tupu, jua kwamba sahani hiyo yenye ugali upande mmoja na nyama upande wa pili imegharimu watu. Ardhi ni ileile, maji ni yaleyale, na ng'ombe akiingia kwenye mahindi hakuna anayecheka. Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Migogoro haikuishia hapo, imerudi mara kadhaa baadaye kwa sura nyingine.

Kwa nini niyaseme haya kwenye ukurasa wa misosi na mapenzi? Kwa sababu wapo vijana wa pande hizi mbili wanaopendana. Wapo hata Dar, ofisini kwako. Mmoja kwao ni shamba, mwingine kwao ni zizi, na kila mmoja ana mzee nyumbani mwenye kumbukumbu. Kama mwenzako ametoka huku, usimuulize kwa utani mbele za watu kwamba kwao ni upande upi. Muulize mkiwa wawili, halafu sikiliza. Ukikaa gulioni utaona kitu cha kutia moyo: mfugaji ananunua unga, mkulima ananunua maziwa, wanapunguziana bei, wanataniana. Hakuna aliyesahau yaliyopita, ila jioni kila nyumba lazima ipike.

Mto nao una historia yake. Mkondoa ndio unaonywesha mashamba ya bonde hili, na mwisho wa mwaka 2009 kuingia Januari 2010 mto huohuo ulifurika, ukawaacha maelfu bila makazi na kuikata reli. Ukiona mama lishe wa Kilosa anapima unga kwa mkono usiotetemeka, mheshimu.

Mikumi: jiko la barabarani

Mikumi ni mji wa barabara. Magari ya Iringa, Mbeya, Songea hadi Zambia yote yanapita hapa, na dereva wa lori hana muda wa kubembelezwa. Anataka chakula cha moto, kingi, sasa hivi. Ukitaka kujua supu ya mbuzi, ndizi na chapati nzuri iko wapi, angalia malori yameegeshwa wapi saa moja asubuhi. Jina la mji limetokana na mikumi, ile miti mirefu kama minazi ambayo kwa Kiswahili huitwa mivumo. Wapenzi wa Bongo Fleva mtakumbuka pia kwamba mbunge wa jimbo la Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020 alikuwa Professor Jay.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu inaikata kwa kilomita 50 hivi. Maana yake hata kabla hamjalipa kiingilio mnaweza kuona twiga na pundamila dirishani. Hapo kuna adabu mbili. Kwanza, punguza mwendo kama vibao vinavyosema, kwa kuwa mnyama akigongwa faini ni nzito na mnyama harudi. Pili, usitupe ganda la ndizi wala mfupa wa kuku dirishani. Nyani anayezoea kuokota chakula barabarani ndiye anayegongwa kesho.

Na hili la tatu nalisema kwa herufi kubwa moyoni: nyama pori ya kunong'onezwa usiinunue. Atakuja mtu na mfuko, atasema ni swala, bei poa. Huo ni ujangili, na kesi yake si ya kulipia faini ya barabarani ukaendelea na safari. Tangu kanuni za mwaka 2020 serikali imeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Kama roho inataka, nenda bucha halali na utoke na risiti mkononi. Fungate ya polisi haina picha nzuri.

Mkipata siku ya ziada, shukeni kusini kuelekea Kidodi na Ruaha, kwenye mashamba ya miwa. Muwa mmoja, kisu kimoja, watu wawili: mtajua haraka nani anamenya na nani anasubiri kumenyewa. Au endeleeni na barabara ya Iringa hadi maeneo ya Malolo na Ruaha Mbuyuni mkabebe vitunguu vya nyumbani. Zawadi ya kitunguu kwa mama mkwe haijawahi kukataliwa.

Ukweni wa huku ni kwa mama

Hapa kaka zangu mkae vizuri. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, kama majirani zao Waluguru, kwa asili hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa kuliko unavyodhani. Mambo yamebadilika, dini na mjini vimeingia, lakini kwenye kikao cha posa bado utaona nani anatazamwa kabla ya jibu kutolewa. Kwa hiyo unapokaribishwa chakula, hao akina mama wanaokuangalia unavyokula si watazamaji tu. Hao ndio ukoo.

Cha kufanya ni kidogo tu. Nawa, kaa unapoonyeshwa, pokea kwa mikono miwili au kwa mkono wa kulia. Usianze kabla ya wazee. Usichambue mboga kama unatafuta sindano. Kama kuna kitu huli kwa ajili ya dini, mwiko wa ukoo au afya, mwenzako aseme mapema kabla jiko halijawashwa, asisubiri sahani ifike. Kilosa Waislamu na Wakristo wamekaa pamoja miaka mingi, hawatashangaa kuulizwa nani amechinja au kuambiwa fulani hali kitimoto. Kitakachowaudhi ni kunyamaza halafu kuacha chakula.

Na wewe mwenyeji, usimwache mgeni wako azame peke yake. Mweleze jina la mboga, mle naye kwenye sahani moja, mtetee kwa utani akikosea. Nimewahi kuona uchumba mzuri ukiyumba kwa sababu mmoja aliwacheka wa kwao na mwingine akacheka pamoja nao. Kicheko cha mezani kinakumbukwa muda mrefu.

Dondoo za kubeba

Nendeni kati ya Juni na Agosti: mvua zimepita, mavuno yako ghalani, barabara za ndani hazina utelezi. Mkiweza kupanga iangukie mwanzoni mwa Agosti, pitieni maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Morogoro, mkaone mazao ya wilaya zote za kanda ya mashariki kwa siku moja.

Ulizeni wenyeji siku ya gulio kabla ya kukata tiketi. Gulio la jana ni uwanja mtupu na mbuzi wawili.

Bebeni maji ya kunywa na pesa taslimu za noti ndogo. Mama lishe hana chenji ya elfu kumi saa mbili asubuhi.

Kuleni vinavyotoka jikoni vikiwa vya moto, matunda menyeni wenyewe.

Kila mmoja achague chakula kimoja ambacho mwenzake hajawahi kula, na mwenzake aonje angalau matonge matatu. La kwanza ni la woga, la pili la heshima, la tatu ndilo litakalokwambia kama unakipenda.

Mkirudi, pikeni kimoja kati ya hivyo nyumbani, wiki hiyohiyo, kabla ladha haijatoka ulimini. Mlenda utashindwa mara ya kwanza, utakuwa mzito au utakuwa maji. Mpigieni simu mama wa upande husika, muulizeni alivyofanya yeye. Atacheka, ataelekeza, ataanza na magadi na kuishia na habari za shangazi. Mpeni muda amalize. Hiyo simu ina faida kwenu kuliko kadi yoyote ya posa mtakayochapisha.